Mpiga picha aliyeomba lenzi yake iwe mbovu

Jua linaanza kugusa matangi ya maji juu ya mapaa, na Wima amepiga magoti nyuma ya kamera yake. Yuko juu ya paa la jengo la maduka. Ng'ambo ya barabara limesimama jengo la makazi la ghorofa tano, rangi ya krimu. Mapazia yote yameondolewa madirishani isipokuwa moja.

Pazia hilo, la maua ya buluu, liko ghorofa ya nne. Ni la mama yake.

Wima anabonyeza kitufe kidogo kilichoko ubavuni mwa lenzi, anakishikilia kwa kidole gumba, na kwa mkono wa pili anaizungusha lenzi taratibu. Inalia ta. Anazungusha tena. Ta. Anakiachia kitufe, anaitikisa lenzi kidogo kuona kama imekaa, kisha anakaza skrubu iliyo chini yake mpaka ukucha unakuwa mweupe.

"Usipoikaza inateleza," anasema bila kugeuka. "Hii lenzi ni nzito. Inashuka yenyewe, polepole, wala huioni. Unakuja kushtuka picha imeshaharibika."

Hatua chache mbele ya lenzi, uzi mweusi unaning'inia kutoka kwenye fimbo aliyoibana kwenye ukingo wa paa. Mwisho wa uzi kuna kipande cha chuma kilichochongoka. Ni timazi, ile ile wanayotumia waashi kujua kama ukuta umesimama sawasawa. Upepo ukitulia, uzi hutulia. Ndicho kitu pekee juu ya paa hili ambacho Wima anakiamini bila kukiuliza maswali.

Lori linapita chini. Paa linatetemeka kidogo chini ya magoti yake. Wima anaacha kila kitu, anakodolea macho lile pazia la maua mpaka mngurumo unapotea.

"Kila lori," anasema. "Kila likipita, moyo wangu unaondoka nalo mpaka pale kwenye kona. Likikata kona ndiyo narudi."

Leo ndiyo siku ya mwisho ambayo mtu anaruhusiwa kuwa ndani ya jengo lile. Wapangaji wengine wote wamekwisha kuhama. Mama yake bado yuko juu, anafunga mizigo, na hana haraka.

Wima si jina lake. Alilipata alipokuwa akipiga picha za pasipoti kwenye kibanda chembamba kama kabati, ambapo kila aliyekaa kwenye stuli aliambiwa maneno yale yale: "Kaa wima, mama. Wima, kaka, hatuzungumzi na sakafu." Wateja wakaanza kumtania kwa neno hilo, na jina likamganda. Ana miaka arobaini na kitu, na hicho kitu hapendi kitajwe.

Kutoka pasipoti alikwenda kwenye harusi, na kutoka harusi akahamia kwenye majengo. Anasema majengo yana adabu kuliko maharusi. Hayafumbi macho, wala hayana mashangazi wanaotaka kusimama mbele.

Yana tatizo moja tu. Ukisimama chini na kuinua kamera ili upate kilele, kuta zote mbili zinaonekana zinaegemeana kule juu, kama watu wawili wanaonong'onezana. Hakuna mwenye nyumba anayetaka kulipia picha ya namna hiyo.

Ndiyo maana akanunua lenzi hii, iliyokwisha kutumika, kutoka kwa mpiga picha aliyekuwa anaacha kazi. Ilimgharimu mapato yake yote ya miezi minane. Kwa lenzi hii, kamera inabaki imesimama sawa, na lenzi yenyewe ndiyo inayosogezwa juu au pembeni, au kuinamishwa kidogo. Sehemu ile inayozunguka ndiyo inayoamua lenzi isogee upande gani. Wima huiita shingo.

"Mwili umetulia, shingo ndiyo inahangaika," anaeleza. "Kama mwanamke aliyebeba ndoo."

Kwa shingo hiyo alijipatia sifa mtaani. Wenye nyumba walisema hakuna anayejua kulinyoosha jengo kama Wima. Mmoja wao ni mwenye jengo lile la krimu.

Jengo lilipomalizika, mwenye nyumba alimwita apige picha ya kulitangaza. Wima alipanda juu ya paa hili hili, akasimama mahali hapa hapa. Picha ilikuwa nzuri hata wapita njia walidhani ni mchoro. Vyumba vikajaa. Kama sehemu ya malipo, mwenye nyumba akampa nafasi ya kuchagua chumba kimoja kwa kodi nafuu.

Wima alimchagulia mama yake. Wakati huo mama, ambaye ni fundi cherehani, alikuwa anaishi nyuma ya gereji, kwenye chumba ambacho vitambaa vya wateja vilikuwa vinaota ukungu kabla havijakatwa. Siku ya kuhama, Wima alimpandisha ngazi akiwa amemshika mkono. Ghorofa ya nne, madirisha mawili, jua la asubuhi likiangukia moja kwa moja kwenye cherehani.

"Nilijiona nimemaliza kazi niliyoletwa duniani," anasema.

Kila msimu wa mvua ulipokwisha, mwenye nyumba alitaka picha mpya kutoka mahali pale pale, ili tangazo lisionekane la zamani. Picha ya pili ilipita bila neno. Ya tatu ndiyo iliyoleta simu.

"Dada Wima, picha nzuri," mwenye nyumba alimwambia. "Ila tangi la jirani mbona limelala? Nguzo ya umeme nayo naona kama imelewa. Hebu zinyooshe, watu watadhani mtaa wetu ni wa walevi."

Wima alicheka. Akafungua picha kwenye kompyuta yake. Jengo la krimu lilikuwa limesimama safi kabisa. Tangi la jirani lilikuwa limeegemea kushoto. Nguzo ya umeme imeegemea kushoto. Ukuta wa nyumba iliyoko nyuma, ambao kwa kawaida hakuna anayeutazama, nao kushoto, kwa kiasi kile kile.

Akaacha kucheka.

"Nguzo moja ikilala, ni nguzo," anasema. "Lakini nguzo, na tangi, na ukuta wa mtu mwingine, vyote vilale pamoja kama watu wako kwenye mstari?"

Ili kuelewa kilichomtisha, inabidi kujua desturi moja ya watu wa kazi hii. Mpiga picha za majengo akishafunga kamera kwenye stendi, hutafuta mstari wa kuanzia. Mara nyingi huchukua ukingo wa jengo lenyewe. Anageuza kichwa cha stendi mpaka ukingo huo ulingane na mstari ulio ndani ya kitundu cha kutazamia, na baada ya hapo ndipo anaanza kucheza na lenzi. Ukingo wa jengo ndio unaofanywa kuwa ukweli. Vingine vyote vinaufuata.

Kamera yake ina kipima maji kidogo, kile cha povu linalotembea ndani ya kichupa. Lakini tangu picha ya pili, povu lilikuwa linakataa kukaa katikati wakati ukingo wa jengo umekaa sawa. Kamera iliwahi kuanguka harusini. Wima aliamua kipima maji kimekufa, akakibandika kipande cha plasta ili kisimsumbue.

"Sikuwaza mara mbili," anasema. "Kati ya povu dogo vile na nyumba ya ghorofa tano, wewe ungeamini nini?"

Alipoona lile tangi, jambo la kwanza alilofanya lilikuwa kuilaumu shingo. Pengine pete ya kuzungushia ilikuwa imelegea. Pengine ile ta ilikuwa inalia kabla lenzi haijafika mahali pake. Aliishika hiyo imani kama mtu aliyeshika reli ya ngazi gizani, akaipeleka lenzi kwa fundi.

Fundi lenzi ni mzee mkimya mwenye miwani mbili, moja machoni na nyingine kipajini. Watu humwita Dokta. Alining'iniza uzi wenye nati mlangoni mwa duka lake, akafunga lenzi kwenye kamera, akaanza kuizungusha. Ta, anatazama uzi. Ta, anatazama uzi. Akazungusha mpaka ikamaliza mzunguko wake, huku na huko.

"Lenzi yako nzima," alisema.

"Jaribu tena, Dokta. Shingo imelegea."

"Dada yangu, shingo ikilegea picha inahama, haipindi. Hii ukiizungusha inabadilisha lenzi iende upande gani, basi. Ukiona mstari umelala, ama kamera yako imelala, ama hicho ulichokipiga kimelala."

"Jaribu tena tu."

"Nimejaribu mara tatu. Unataka niipige nyundo ndiyo uridhike?"

"Ungeipiga ningekushukuru."

Dokta alimtazama juu ya miwani ya kwanza. Halafu akaona ile plasta. "Na huyu umemfunga macho kwa kosa gani?" akauliza, akaibandua kwa ukucha. Aliiweka kamera juu ya meza yake ya kupimia, ambayo huisawazisha kila asubuhi kabla ya kunywa chai. Povu lilitembea, likasita, likakaa katikati.

Wima anasema hajawahi kuchukia kitu kidogo kiasi kile.

"Kila mtu anaomba vyombo vyake viwe vizima. Mimi nilikuwa nimesimama dukani kwa watu naomba Mungu lenzi yangu iwe mbovu. Ile lenzi ndiyo chakula changu, na nilikuwa radhi ife palepale."

Kutoka kwa Dokta alikwenda moja kwa moja kwa mama yake. Hakumwambia alichokuwa anafikiri. Alikaa sakafuni kama alivyokuwa akikaa utotoni, karibu na miguu ya cherehani, akisikiliza pedali. Hapo ndipo alipoona karatasi ngumu ya boksi, imekunjwa kunjo juu ya kunjo, imeingizwa chini ya mguu mmoja wa cherehani.

Mazungumzo yaliyofuata anayakumbuka neno kwa neno, na mama yake, ambaye wapangaji walimzoea kwa jina la Bi Cherehani, hayakanushi.

"Mama, hiki nini?"

"Boksi la viatu."

"Naona ni boksi. Linafanya nini hapo?"

"Liko kazini. Wewe ndiye sijui unafanya nini sakafuni na suruali safi."

"Limekaa hapo tangu lini?"

Bi Cherehani alipunguza pedali. "Mwanzo lilikuwa kunjo moja. Nikishona, reli ya uzi inaviringika, inanikimbia. Nikaweka kunjo moja, ikatulia. Mvua zilipokwisha ikaanza tena, nikaongeza la pili. Sasa hivi sijui ni kunjo ngapi, nakunja tu."

"Kwa nini hukuniambia?"

Mama alikata uzi kwa meno.

"Ulinipandisha ngazi hizi umenishika mkono, unacheka peke yako," alisema. "Ningeanzia wapi?"

Wima alikaa pale sakafuni na jambo likamdhihirikia. Yeye ng'ambo ya barabara alikuwa akiipinda kamera ili jengo lisimame. Mama yake ndani ya jengo alikuwa akikunja boksi ili cherehani isimame. Kila mmoja alikuwa anasawazisha upande wake, kimya kimya, kwa kumpenda mwenzake. Katikati yao nyumba ilikuwa inalala.

Mwenye nyumba hakutaka kusikia. "Nyoosha picha, dada Wima, hiyo ndiyo kazi niliyokulipa," alisema kwanza. Wima alipomwonyesha picha zote tatu, zimepangwa kwa mfuatano, alizipitia moja moja. Kisha akasema kwa sauti nyingine kabisa: "Ile nyumba ndiyo uzee wangu. Nimeuza kila kitu. Ukilisema hili nje na likawa si kweli, umenizika."

Hilo ndilo lililomkaa Wima kifuani. Akisema na akakosea, familia nzima nzima zitahama bure, mzee wa watu atafilisika, na yeye hataitwa tena kupiga hata picha ya banda la kuku. Akinyamaza na akawa yuko sahihi, mama yake analala ghorofa ya nne.

"Nilikuwa naogopa pande zote mbili," anasema. "Ila upande mmoja ulikuwa na sura ya mama yangu."

Alikwenda ofisi ya mhandisi wa mji. Mhandisi, mwanamke wa makamo anayeongea taratibu, alizitazama zile picha bila kuonyesha chochote usoni.

"Hiki ulichonacho si kipimo," alimwambia Wima. "Picha inaweza kudanganya kwa njia nyingi. Kama ungeniambia nifukuze watu kwa ajili ya hizi, ningekataa. Lakini zinatosha kunitoa kwenye kiti."

Siku iliyofuata mhandisi alikuja na vyombo vyake na watu wake. Walipima pembe zote, wakachimba pembeni mwa msingi. Upande mmoja wa jengo ulikuwa umekaa juu ya shimo la zamani la takataka, lililofukiwa na kusahauliwa kabla mwenye nyumba hajanunua kiwanja. Kila mvua ilikuwa inaushusha upande huo kidogo.

Wakati huo wote ngazi zilikuwa zimejaa maneno. Mama mmoja wa ghorofa ya pili alimsimamisha Wima na beseni kiunoni. "Wewe si wa harusi? Kapige maharusi, mambo ya nyumba tuachie tunaokaa ndani." Mwingine akadakia kutoka juu, "Kamera yake ina husuda hiyo." Kuna walioacha kuitikia salamu zake. Na kuna waliomletea methali ya ufa na ukuta, kila mmoja akidhani ndiye wa kwanza.

"Nikawaambia, jamani, nyumba ile haina ufa hata mmoja. Hicho ndicho kinachonitisha. Ingekuwa na ufa wangenielewa wote."

Mhandisi ndiye aliyewaeleza wapangaji, wamesimama barabarani na watoto mikononi. Jengo likilala lote kwa pamoja, alisema, ukuta unaweza kubaki mzuri mpaka siku ya mwisho. Mtu mmoja akauliza kama litaanguka kweli.

"Huenda likasimama miaka," mhandisi alijibu. "Huenda. Mimi sitaki mtu alale ndani ya huenda."

Aliwapa mpaka mwisho wa wiki. Akamwomba Wima apige picha kila asubuhi kutoka juu ya paa, safari hii timazi ikiwa ndani ya picha, ili ukingo wa jengo usiachiwe tena kujishuhudia wenyewe. Vyombo vyake mwenyewe viliendelea kupima huko chini. Picha za Wima zilikuwa jicho la pili.

Hivyo ndivyo tulivyofika kwenye asubuhi hii, na pazia la maua ya buluu ambalo bado linaning'inia.

Wima anapiga simu. Anaiweka kwenye spika, kwa sababu mikono yote miwili iko kwenye lenzi.

"Mama, toka."

"Natoka."

"Ulisema hivyo jua halijachomoza."

"Na nilikuwa natoka. Usinihesabie pumzi, we mtoto. Nguo za watu hizi, sizifungi kama mzigo wa kuni."

Chini, wabeba mizigo wamekataa kupanda. Wamesimama kando ya mkokoteni wao, mikono kifuani, wakilitazama jengo kama watu wanaotazama ng'ombe asiyejulikana tabia yake. Mmoja wao anasema hela anaitaka, ila anaitaka akiwa mzima.

Anayepanda ni mwenye nyumba mwenyewe. Anaingia bila kumtazama mtu. Muda unapita ambao Wima anasema ulikuwa mrefu kuliko mimba. Anatokea mlangoni na kichwa cha cherehani begani, shati limeloa. Anakiweka juu ya mkokoteni kwa upole, anarudi ndani, na safari hii anatoka na miguu ya cherehani. Nyuma yake Bi Cherehani anatoka na furushi kichwani na lile pazia la maua mkononi.

Juu ya paa, Wima anaachia pumzi. Anaiweka sawa shingo ya lenzi kwa picha ya asubuhi. Kidole gumba kwenye kitufe. Ta.

Anapoinua macho, mama yake hayupo kwenye mkokoteni.

"Bi mkubwa karudi juu," mmoja wa wabeba mizigo anapaza sauti kutoka chini. "Kasema kasahau gauni la mtu."

Wima anageuka. Anakimbia. Lenzi ambayo hajawahi kuiacha peke yake hata kwa kwenda kunywa maji, anaiacha juu ya stendi kwenye upepo.

Ngazi za jengo lile zina harufu ya nyumba iliyohamwa, sabuni na vumbi. Milango ya vyumba imeachwa bila kufungwa, na yote imebembea yenyewe kuelekea upande mmoja. Wima anafika ghorofa ya pili, na kitu kinagonga sakafu juu yake, kinaviringika, kinagonga tena. Anasimama. Baadaye atajua ni ndoo tupu iliyoachwa kwenye korido. Wakati ule hajui. Anasema alishika ukuta kwa viganja vyote viwili, kana kwamba angeweza kuuzuia.

Anamkuta mama yake kati ya ghorofa ya tatu na ya nne, amekaa kwenye ngazi, gauni jeupe limelazwa mapajani.

"Unafanya nini hapa?"

"Napumzika. Goti hili."

"Hapa, mama? Hapa ndipo pa kupumzika?"

"Goti halichagui mahali," anasema Bi Cherehani. Halafu anamtazama binti yake, anaona jinsi kifua kinavyopanda na kushuka, na anaacha utani. "Mwenye gauni anaolewa Jumamosi. Hana jingine. Nimeogopa kuliacha, na nimeogopa kulifuata. Nishike mkono."

Wanashuka ngazi wameshikana mikono, kama siku ile walivyopanda. Safari hii hakuna anayecheka.

Mwenye nyumba anafunga geti kwa mnyororo na kufuli. Anabaki ameshika ufunguo, anaugeuza geuza kiganjani, kama mtu asiyejua auweke mfuko gani. Bi Cherehani anamwendea, anamwambia ile suruali aliyoleta kupunguzwa iko tayari, ataikuta kwa Wima. Mzee anaitikia kwa kichwa.

Wima anaporudi juu ya paa, anakuta lenzi imeshuka. Hakuikaza skrubu. Imeteleza kwa uzito wake mpaka mwisho wa reli yake, na picha iliyobaki ndani ya kamera ni ya barabara tupu na ukingo wa paa. Mwanga wa asubuhi umekwisha kupita. Ndiyo siku pekee ambayo picha haikupatikana.

Anamwandikia mhandisi: "Leo sina picha. Watu wametoka wote."

Jibu linakuja kabla hajamaliza kukunja stendi: "Hiyo inatosha."

Mchana, chumba cha kupigia picha cha Wima kimegawanywa katikati kwa pazia la maua ya buluu. Upande mmoja taa na stuli ya pasipoti, upande wa pili cherehani. Hofu bado ipo. Jengo lingali limesimama na hakuna anayejua litafanywa nini. Nyumba za jirani zimetolewa watu pia upande ule linakoegemea. Wima anasema kila anapopita mtaani sasa anatazama kingo za majengo, na hawezi tena kuacha.

Amekwisha kuongea na mhandisi. Anataka kuizunguka mitaa yote iliyojengwa juu ya udongo wa kufukia, na lenzi yake na timazi yake, apige jengo moja baada ya jingine, uzi ukiwa ndani ya kila picha. Mhandisi amekubali kuzitazama. Hazitakuwa vipimo. "Ni kubisha hodi tu," Wima anasema. "Wenye vyombo ndio watakaoingia ndani." Anaogopa atakachokiona, na anasema hilo waziwazi. Anachokiogopa zaidi ni kuweka plasta nyingine juu ya kitu kinachomwambia ukweli.

Bi Cherehani ameketi kwenye cherehani. Kabla ya kushona chochote anatoa kwenye mfuko lile boksi lake lililokunjwa, anainama, analisukuma chini ya mguu ule ule wa siku zote. Anaweka reli ya uzi juu ya meza. Inaviringika, inaanguka sakafuni.

Wote wawili wanaitazama. Mama ndiye anayeanza kucheka, kidogo kidogo, mabega yakitikisika. Anainama tena, analichomoa boksi, anamkabidhi binti yake. Anairudisha reli juu ya meza. Inakaa.

Nje, lori linakata kona. Kioo cha dirisha kinalia. Mama na binti wanainua vichwa kwa pamoja, kisha wanashusha macho kwenye ile reli ya uzi. Inatetemeka kidogo mahali pake. Lori linapita, mngurumo unafifia, na reli iko pale pale.

"Haya," anasema Bi Cherehani, na mguu wake unatafuta pedali. "Lete hilo gauni."